Kipande cha Kidari

Akheri, Meru
6 Februari 1949

Yoeli,

Nakusalimu, ingawa hustahili. Krismasi mbili zimepita hujakanyaga hapa. Tanga kuna nini? Wana ndizi kama zangu? Au umesahau mlango wa nyumba hii uko upande gani? Mimi mzima, ila meno yanahama moja moja bila kuaga. Anayeandika ni Hanna, mke wa mwinjilisti. Nimemwambia aandike ninavyotamka, asinilainishie maneno.

Babu yako haumwi kichwa wala tumbo. Anaumwa kidole gumba cha mguu. Usicheke. Kimevimba kikawa chekundu kama nyanya, hata shuka likikigusa anapiga yowe. Mzee aliyeamua kesi za ukoo huu wote, leo anaogopa shuka! Kila akitoka kwenye karamu, kinamwamkia. Wewe si unavaa koti jeupe huko hospitalini? Muulize daktari wako.

Na ufanye upesi. Mdogo wake, Elisaria, ametuma mtu. Unajua tangu ugomvi wa yale masale yaliyopandwa mpakani kutenga mashamba yao, ndugu hawa hawajasalimiana, na migomba yao inagusana majani. Sasa Elisaria anasema Pasaka ikipita atakuja na kondoo na jani la sale la kuomba amani, wale pamoja, yaishe. Anakohoa vibaya, hataki kwenda kaburini na jambo hili. Nataka mzee wangu asimame kwa miguu yake miwili ampokee ndugu yake.

Ni mimi bibi yako, niliyekubeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda.

*

Tanga
1 Machi 1949

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo yangu kwa babu. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanichosha. Nisamehe kwa kutofika. Kazi hii ya udresa, ya kufunga wagonjwa vidonda, nikiomba ruhusa naambiwa subiri.

Ugonjwa wa babu unaitwa jongo. Daktari wetu ana kitabu cha tabibu mmoja wa Uingereza, wa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, ambaye jongo lilimtesa mwenyewe kwa miaka mingi. Alinisomea. Tabibu huyo alikataa watu kutolewa damu au kupewa dawa kali za kuharisha. Alisema mgonjwa ale chakula chepesi, nyama kidogo tu, tena mchana, na pombe iwe hafifu. Anywe maziwa, alale mapema. Asikasirike wala asijitie huzuni, maana moyo ukichafuka jongo huamka. Na kila siku apande farasi. Sisi farasi hatuna, basi atembee polepole shambani maumivu yakitulia.

Lakini babu namfahamu. Ukimwambia kidogo, atamaliza paja zima. Kwa hiyo mimi namwandikia hivi: nyama asionje hata kipande, pombe asiguse hata tone, siku yoyote, kwa mtu yeyote. Mwambie ni amri ya daktari.

Nimetuma vidonge vya kutuliza maumivu.

Mjukuu wako,
Yoeli

*

Akheri
8 Mei 1949

Yoeli,

Marahaba. Mguu umepona. Babu yako anatembea mpaka mtoni na kurudi. Barua yako Hanna alimsomea mpaka akaishika kichwani, akawa anaitangaza kwa kila apitaye njiani: "Mjukuu wangu ameniandikia amri!" Nilidhani ni maringa tu ya mzee.

Elisaria alikuja Pasaka ilipopita. Kondoo alimvuta mwenyewe, jani la sale mkononi, akikohoa kila akipiga hatua. Wazee wakaketi, kondoo akachinjwa, kidari kikachomwa. Desturi unaijua, umekulia hapa: kipande ni kimoja, huyu anauma, yule anauma, kisha wanakunywa kwa kata moja. Elisaria akauma, akamnyooshea kaka yake.

Babu yako akasema, "Siwezi. Nimekatazwa."

"Na nani?"

"Na Yoeli."

Elisaria akacheka, maskini, akadhani anataniwa. "Yoeli huyu niliyemfundisha kukamua mbuzi? Haya, basi kunywa."

"Na pombe pia amekataza."

Mimi nikapiga kelele kutoka jikoni, "Uma, wewe mzee! Uma hata uteme!" Akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua kitu. Akasema, "Ni amri ya daktari, mama."

Kile kipande Elisaria akakilaza juu ya jani la mgomba, akafuta mikono. Akasema, "Kaka, kama hujanisamehe ungesema kwa mdomo wako. Usimtume mtoto aliyeko Tanga." Akaliokota jani lake la sale, akaondoka nalo. Nyama ile hakuna aliyeigusa. Mbwa walishiba.

Jana nilimwambia Hanna anisomee tena barua yako. Yule tabibu mwenye jongo lake alisema nyama kidogo, tena mchana. Basi ulikuwa mchana, Yoeli. Jua lilikuwa utosini. Nakuuliza neno moja, unijibu: kipande kimoja kingemuua?

Bibi yako

*

Tanga
20 Juni 1949

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi sana kusikia mguu wa babu umepona. Aendelee vivyo hivyo. Babu mdogo Elisaria mpe salamu zangu, na kikohozi kikizidi aende hospitali. Huku kazi ni nyingi, nikipata nafasi nitaandika zaidi.

Mjukuu wako,
Yoeli

*

Akheri
4 Septemba 1949

Yoeli,

Leo sikusalimu. Nilikuuliza neno moja, ukanijibu mguu.

Elisaria tumemzika. Babu yako alisimama ng'ambo ya masale wakati wa maziko, hakuna aliyemwita avuke.

Matanga yalipokwisha alichukua kondoo wake mwenyewe na jani la sale, akaenda kwa Elinami, mtoto mkubwa wa marehemu. Mimi nilifuata nyuma. Elinami hana ubaya; alisimama, akaamkia, akamtolea kigoda. Kidari kikaiva. Babu yako akauma, akamnyooshea.

Elinami akasema, "Baba mkubwa, nakuheshimu. Lakini nimekatazwa."

"Na nani?"

"Na baba."

Mzee alikila kile kipande chote peke yake, mbele yao, machozi yanachuruzika mpaka kwenye ndevu. Akanywa kata yote peke yake. Sasa kidole kimekuwa nyanya tena na vidonge vyako hataki hata kuviona. Anasema kiache kiume.

Tulipokuwa tunatoka, Elinami alinishika mkono. Akasema, "Mama mkubwa, aliyeandika amri ndiye aje."

Kwa hiyo utakuja, ruhusa wakupe wasikupe. Mimi ninakupenda kuliko macho yangu, na ndiyo sababu sikubembelezi. Shuka sokoni Tengeru, nunua kondoo asiye na kilema. Jani la sale kata pale pale mpakani. Kwangu usipite, hata nikikuita. Nenda kwa Elinami, keti chini, si kwenye kigoda, uma wewe kwanza, kisha umnyooshee. Akikataa, kaa. Akikutukana, kaa. Ndizi zangu utazikuta motoni, lakini usije kuzila mpaka yeye ameuma.

Bibi yako