Baba, Nimeikuta Fagali Yako Turffontein

Baba,

Mama alinifunza kuanza barua kwa salamu. Leo salamu itasubiri, nianze na lililonikuta.

Jumamosi iliyopita nilipeleka gauni la harusi kwa mteja wangu mtaa wa Turffontein, huku Afrika Kusini. Hukuwahi kujua, lakini mimi ni fundi cherehani siku hizi, naishi na mume wangu mtaa wa Observatory, mji huu huu. Wakati wa kurudi nikaona mama mmoja wa Kikongo ametandaza meza ya vitafunio nje ya duka lake. Katikati ya sambusa na maandazi palikuwa na mkate wa duara, bapa, mpana kama sinia, umepakwa rojo jeusi la matunda na kunyunyiziwa chenga za unga, siagi na sukari.

Miguu ilisimama yenyewe.

Unaikumbuka Lushoto yetu, baba? Ulirudi kutoka masomoni Chekoslovakia, milimani huko mashariki, ukiwa na cheti cha ufundi wa mashine na mkate mmoja uliofundishwa na bibi mwenye nyumba uliyopanga. Wenyewe wanauita frgál. Mimi nilikuwa mdogo, ulimi ukashindwa, nikasema "fagali". Ulicheka mpaka ukakaa chini, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu ukawa fagali. Ulikausha mapeasi juani, ukayachemsha na mdalasini, ukaongeza iliki kwa sababu mama aliipenda. Ukaweka makaa chini na makaa juu ya bati. Nikichungulia, unanifukuza: "Unga una haya, mwanangu. Ukiutazama sana hauumuki."

Nilikupenda, baba. Ndiyo maana nina hasira hivi.

Yule mama alinikatia kipande. "Onja, dada. Hii tunaiitaka fagali."

Fagali! Wazungu wenyewe hawasemi hivyo. Nijuavyo, ni nyumba moja tu duniani iliyosema hivyo. Nikatia mdomoni, na iliki ikanijia puani kama mtu aliyeniita jina.

"Nani alikufundisha, mama?"

"Marehemu bwana yangu, njo alinifundishaka. Alikuwaka mutu wa Tanzania, ku milima ya Lushoto." Akalitaja jina lako lote, mpaka la babu.

Marehemu. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba umekufa: nimesimama barabarani, mdomo umejaa mkate wako.

Nikamuuliza kama ulikuwa na watu kwenu. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Alisemaka alikuwaka na bibi na mutoto mwanamuke. Bote balikufaka."

Bote balikufaka. Baba, ulikaa kwenye kiti katika nyumba ya mtu, ukatamka maneno hayo? Ulituua kwa ugonjwa gani? Ulitulilia? Uliondoka ukisema unakwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, utatuita. Ulituma salamu na vitenge mwaka wa kwanza, na wa pili, kisha kimya. Tukasema labda umefungwa, labda umeumizwa zile siku wageni walipopigwa. Nilipohamia huku, kila nilipofika mtaa wa Mayfair kusali Ijumaa niliwauliza watu wa Tanga kama wanakujua. Na wewe ulikuwa hapa hapa, unaumua unga! Mama alijifunza kuoka fagali bila wewe. Yake huungua chini. Kila Idi alitenga kipande, akakifunika na kawa, akasema: "Hiki cha baba yako, akitokea." Asubuhi tunawapa kuku.

Nilimwambia yule mama: "Mimi ndiye mtoto aliyekufa."

Alikaa kwenye kreti la soda, akaziba mdomo. "Yesu wangu," akasema, "Yesu wangu," na machozi yakamtoka. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Alidanganywa kama sisi. Akasema atanipeleka kwenye kaburi lako siku yoyote nitakayo. Nikamjibu sitaki, nikaondoka.

Nilimpigia mama simu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Amekufa lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

"Huyo mwanamke alimlilia?"

"Alimlilia, mama. Hata juzi alilia."

"Haya."

Kesho yake alikwenda kwa shehe kuuliza namna ya kukaa eda. Shehe akamwambia kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume anapokufa, hivyo yake ilikwisha zamani. Unaelewa ulichofanya? Mke wako alikaa eda bila kujua. Miezi ile aliyopaswa kujifungia ndani, alikuwa anakwenda sokoni na kanga ya rangi, anacheza ngoma kwenye harusi za majirani, wanja machoni. Hukumwacha aolewe na mwingine, hukurudi, na mwishowe ukamnyima hata kuwa mjane. Nilipomwambia umekufa hakutoa chozi. Alilia alipoambiwa amechelewa.

Usiku nalala vizuri tu. Mchana ndipo unaponishinda. Nakata kitambaa, mkasi unasimama, najikuta nabishana na wewe kwa sauti, mume wangu ananitazama.

Jana mama amenipigia. Hakuuliza habari zako. Amesema, "Nenda kamsomee baba yako Fatiha." Nikabisha. Akasema, "Sikukuuliza kama unataka."

Kwa hiyo Jumamosi nitakuja, pamoja na mke wako huyo. Nitasoma yote, sitaruka herufi. Lakini usije ukadhani huo ni msamaha. Msamaha si wangu kuutoa. Mwenyewe yuko Lushoto, na mpaka sasa hajautaja.

Lala, baba.

Ni mimi,
binti wa mama yangu