Jaji wa Tisa

Jumatatu, 22 Julai 1974

Chaki zimekwisha tena. Nimeandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu. Darasa la watu wazima lilijaa, hata wale wanaokuja kupumzisha miguu tu. Redio ndiyo iliyowaleta. Wamesikia Rais wa Marekani amekataa kutoa kanda za maongezi yake. Wanataka kujua nani anaweza kumlazimisha rais.

Nikachora vigoda vitatu. Cha kwanza Bunge lao, lenye nyumba mbili, Wawakilishi na Seneti: linatunga sheria na kushika mfuko. Cha pili Rais: anatekeleza. Sheria asiyoitaka anairudisha, ila theluthi mbili za kila nyumba zikishikilia, inapita bila yeye. Cha tatu Mahakama: inaamua sheria inasema nini. Rais anateua majaji, Seneti inawakubali au inawakataa. Rais akikosa, Wawakilishi wanamshtaki, Seneti inamhukumu. Mtu mmoja hakalii vigoda viwili.

Mzee Msengi, mjumbe wa baraza letu, akauliza: sasa mwenye nyumba nani? Tulicheka sote. Nimefurahi sana leo. Kufundisha najua.

Ijumaa, 26 Julai

Mahakama yao imeamua: Rais atoe kanda. Wamekubaliana wote waliokaa, hata wale aliowateua mwenyewe. Majaji wako tisa lakini walikaa wanane. Wa tisa aliwahi kufanya kazi kwenye serikali ya Rais huyo, akajitoa. Darasa hawakuamini, nikarudia. Bibi Maria, mjane wa kule mlimani, akasema hata sisi Wanyaturu ni hivyo, mwenye ugomvi hakai na wazee.

Jioni kamati ya kijiji. Mimi ndiye katibu, maana wengine kalamu inawatoa jasho. Wakubwa wa wilaya watakuja kukagua kijiji kipya, na kaya chache bado ziko kwenye mahame yao. Nilipendekeza mimi: asiyehamia barabarani kufikia mwisho wa mwezi, tembe lake liezuliwe. Ikapita. Kusimamia nikapewa mimi pia. Nilitaka wakubwa wanisifu. Ndiyo kweli yenyewe.

Jumapili, 28 Julai

Nimezunguka na mgambo wawili. Wengine wamekubali, shingo upande. Bibi Maria hapana. Mkamwana wake yuko siku za kujifungua na mume wake yuko Tanga kwenye mkonge. Anaomba akae mpaka mtoto azaliwe, basi. Nikamkatalia pale pale mlangoni. Mgambo wananitazama, nami naipenda sauti yangu. Amesema atapeleka shauri barazani.

Jumanne, 30 Julai

Baraza. Tulikaa Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Msengi na mimi katibu. Bibi Maria alieleza shida yake vizuri, hakulia. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, yule wa tisa alitoka nje."

Hakusema kwa ubaya. Mzee Msengi akaniambia na mimi nitoke, nikakae na mwenye shauri mwenzangu mpaka wazee wamalize, ndiyo desturi. Masikio yaliwaka moto. Nikajibu kwamba hapa si Marekani.

Mzee Msengi alitaka Bibi Maria apewe muda. Mwenyekiti alikataa. Ikabaki mimi. Nikakataa.

Sheria niliitaka mimi. Mlangoni nilikwenda mimi. Malalamiko yake nimeyasikiliza mimi. Niliyaona hayo nikiwa bado nimekaa, kabla sijafungua mdomo. Ningeweza kuinuka. Nimeona aibu kuinuka mbele za watu, sasa nina aibu kubwa zaidi.

Alhamisi, 1 Agosti

Tumeezua. Udongo wa juu kwanza, halafu fito, halafu boriti. Vumbi, upepo wa kichaa. Mkamwana alikaa nje kwenye mkeka, ameshika kiuno. Sikumtazama. Bibi Maria alikuwa anatoa vyungu kimoja kimoja. Hakuna aliyemsaidia, waliniogopa.

Jumamosi, 3 Agosti

Mtoto kazaliwa jana. Wa kike. Kwa jirani, kwenye banda la ndama, maana ndani hapakuwa na nafasi. Asubuhi ilikuwa baridi kali. Wanasema mtoto anakohoa. Mke wangu amepeleka kanga na hakuniaga. Amerudi, hasemi na mimi.

Ijumaa, 9 Agosti

Wakubwa walikuja juzi. Walitazama mstari wa nyumba wakiwa ndani ya gari. Hawakushuka.

Leo redio: Rais wa Marekani amejiuzulu. Darasa lilijaa mpaka madirishani. Nikaeleza. Wawakilishi walikuwa bado hawajapiga kura ya kumshtaki, lakini aliona Seneti itamtia hatiani, akaondoka mwenyewe. Makamu wake anaapishwa leo hii. Hakuna aliyeshika bunduki. Mzee Msengi ananisikiliza, amekunja mikono. Nikakatisha somo katikati. Nikasema kipindi kimekwisha. Bibi Maria hakuwepo. Hakuna aliyeuliza yuko wapi. Mimi ni mnafiki.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya ibada nilikwenda kwenye kiwanja kipya cha Bibi Maria. Njiani nilipanga maneno ya kuomba radhi. Alikuwa anachota maji ya kukandia udongo, mtoto amelala mgongoni. Kikohozi kimepungua.

Nikamwamkia, shikamoo. Akaitikia marahaba. Akaniuliza hali ya mke wangu, na watoto, na mguu wa mama yangu. Nikavua viatu nikakanyaga udongo mpaka adhuhuri. Kuta zimefika kifuani.

Akaniita nije ninywe uji. Tuliketi ndani ya kuta, jua kichwani. Akaleta maji akaninawisha mikono mwenyewe, kama mgeni. Alisema mimi ndiye mgeni wa kwanza wa nyumba hii. Uji ulikuwa mzuri. Sikuweza kuumaliza.