Sanda ya Wasio na Ndugu

Mjukuu wangu Mwajuma,

Salamu nyingi kutoka hapa Kanyenye. Sisi wazima, ila mama yako mdogo bado anakohoa. Umeniuliza kama ukubali kuwa mdhamini wa chama cha yatima, ushike mali yao.

Enzi ya Mwingereza, wakati wa vita, nilikuwa nimetoka tu shule, msichana wa haya. Kina mama wa mtaa walinikabidhi sanduku la sanda za wapagazi wazee waliokuwa wakifa Tabora bila ndugu. Bafta, kitambaa cha sanda, iliadimika madukani, ikabaki sanda moja tu sandukuni. Ndipo baba akafariki.

"Fungua sanduku," alisema baba mdogo. "Au tumzike kaka yangu na gunia?"

"Baba ana ndugu. Hii si yake."

"Shule imekutoa huruma, we mtoto!"

Mama alichota maji. Alifua shuka la kitandani, baba akazikwa nalo likiwa bado na unyevu.

Siku chache baadaye akafa mpagazi mmoja. Mama ndiye aliyekuja kuniambia, "Sasa nenda ukafungue."

Kabla hujakubali, zungumza na watu wa nyumbani kwako. Hao ndio utakaowanyima kwanza.

Bibi yako,
Mwanaidi