Ishirini na Saba ya Butembo

Baba,

Leo nakwenda kukigusa kile kifungo ulichonikataza kukigusa. Nimeona nikuambie kwanza. Hukunilea nikufiche mambo, na sitaanza sasa kwa sababu tu huwezi kunijibu.

Akwariamu yako iko kwangu, Beni, hapa Bungulu. Kilio kilipokwisha na ukoo ukakaa kugawana vitu vyako, kila kitu kilipata mwenyewe upesi, makoti, redio, hata viatu. Walipofika kwenye lile sanduku la kioo lenye bahari ndani, wote wakaanza kutazama dari. Nikasema ni langu, ulinipa mwenyewe. Wakashukuru Mungu.

Tuliteremka nalo kutoka Butembo, mimi na mume wangu Kambale, siku ambayo barabara ilikuwa shwari. Maji tuliyatia kwenye bido, madumu ya mafuta tuliyoyaosha mpaka mikono ikachubuka. Matumbawe yalikaa kwenye beseni, na wale samaki wawili wa rangi ya chungwa niliwapakata ndani ya ndoo. Kwenye kizuizi askari alifunua ndoo, akawaangalia, akauliza kama tunawapika na majani ya sombe au na nyanya. Nikamjibu kwamba hawa ni watumishi wa Mungu. Akafunika ndoo polepole, akatuachia tupite.

Unakumbuka kwa nini nilimjibu hivyo. Ulikwenda Kampala kununua blanketi za kuuza, ukarudi na blanketi na bahari. Samaki mmoja ukamwita Padiri kwa sababu ya ule mstari mweupe shingoni, mwenzake ukamwita Sista, na Mama, aliyezaliwa kwa Wakatoliki kabla hujamwoa na kumleta kwenye kanisa letu, akacheka pamoja na wewe. Lakini siku Padiri na Sista walipotaga mayai chini ya jiwe, Mama hakucheka tena. Alikutaka uwabadilishie majina siku ileile. Ulikataa, ukasema afadhali tuwafungishe ndoa.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Pale Butembo, ukungu ukishuka asubuhi, hata chai inapoa kabla hujaketi. Umeme nao ulikuwa unakuja na kwenda unavyotaka. Kwa hiyo ile rezistansi, fimbo ya kioo inayopasha maji, uliiweka kwenye digrii ishirini na saba. Nakumbuka ulivyonieleza, shati limekunjwa, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko: "Courant ikikatika, maji ya huku inapoa mbio. Donc tunaanzia juu, ili ikishuka isifike mubaya." Nilikuwa bado nasoma, nikaona hiyo ni akili. Hata leo naona ni akili. Ukachukua verni nyekundu ya Mama ya kucha, ukakipaka kifungo chake cha joto kisizunguke, maana wageni wako walikuwa na vidole vya udadisi.

Na ulipolala kitandani mara ya mwisho ulinishika mkono ukasema, "Masika, samaki ni yako. Vingt-sept, ishirini na saba. Hapana kugusa." Sikulia mbele yako. Nilisema ndiyo, Baba.

Kwa hiyo sikugusa. Nilipanga kila kitu hapa kama ulivyokipanga wewe, nikawasha, nikaomba. Lakini Beni si Butembo. Mabati ya nyumba yetu yakishikwa na jua la mchana, sebule inakuwa kama jiko. Rezistansi inajua kupasha, kupoza haijui. Ishirini na saba yako ikawa sakafu, na juu ya sakafu hiyo jua la Beni na taa za kumulikia matumbawe zikaongeza digrii zao. Mchana kipimo kilisoma thelathini, na kuna siku kilipita.

Padiri alianza kupumua juujuu, mdomo kwenye uso wa maji, kwa kuwa maji ya moto hayabebi hewa ya kutosha. Tumbawe la kijani, lile ulilolipenda kuliko yote, lililokuwa linapepea vidole vyake ukipita karibu, lilikunja vidole. Kisha likaanza kupauka, kwanza ncha, halafu mabega. Baba, niliumia. Nilikaa mbele ya kioo nikaona ni kama wewe unakufa tena, safari hii mikononi mwangu.

Nikafanya jambo la kijinga. Unajua nauza juisi za baridi na barafu, friza ninalo. Nikawa natia chupa za barafu ndani ya maji ili kuyarudisha kwenye ishirini na saba yako. Maji yalishuka haraka, rezistansi ikashtuka, ikawaka. Barafu ikayeyuka, joto likapanda, nikatia nyingine. Nilikuwa napasha kwa mkono huu na kupoza kwa mkono ule, yote ili nisivunje neno lako. Kambale alisimama mlangoni akanitazama, akaniuliza kwa upole kama nawatunza samaki au nawapikia supu ya barafu. Nilimkasirikia siku nzima, kwa sababu alikuwa na haki. Kule kupanda na kushuka kulilidhoofisha tumbawe kuliko lile joto lenyewe.

Ndipo nikamwandikia yule muuza samaki wako wa Kampala. Alikulilia kwanza, kisha akanifundisha. Alisema viumbe hivi vinakaa vizuri kati ya ishirini na nne na ishirini na saba, na kinachoviua upesi ni kubadilikabadilika. Nichague palipo katikati, ishirini na tano hivi, ili joto la mchana likija lipate nafasi ya kupanda bila kuua. Niondoe kifuniko, niweke feni ndogo ipulize juu ya maji. Maji yakipungua kwa upepo huo, niongeze maji matamu tu, kwa maana chumvi haipandi na mvuke. Na nishuke polepole, digrii moja leo, nyingine kesho.

Feni niliiweka siku ileile. Kifuniko nilikiondoa. Sanduku tulilihamisha kutoka ule ukuta unaopigwa na jua la jioni. Kilichobaki ni kifungo, na hapo mkono ukakataa.

Bahati mbaya shangazi Kavira, dada yako, alikuwa amekuja kututembelea. Aliposikia nataka kuikwangua ile verni, aliweka kikombe chini. Unamjua. Aliniambia, "Neno ya mufu habavunjake, Masika. Hata ya samaki." Akasema nywele zangu hazijaota vizuri tangu zinyolewe kwa ajili yako, na tayari najiona mkubwa. Nilimwongezea chai, ni shangazi yangu. Lakini maneno yake yaliniingia, kwa sababu nami nilikuwa nayasema moyoni kabla yake.

Nikampigia simu Mama, kule Butembo. Nilitegemea aniambie niache. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba verni ile ni yake, uliichukua bila kuomba, na tangu siku ile kucha zake za mguu wa kushoto hazikupata rangi. Kwa hiyo ruhusa ni ya kwake kutoa, na ameitoa. Tulicheka wote wawili, ndipo tukalia.

Hata hivyo si Mama aliyenimalizia shaka. Ni wewe. Jana nilikuwa nakunja nguo, nikakuta lile blanketi zito la kijivu ulilonipa nilipoolewa, halijawahi kufunguliwa tangu nihamie huku. Nikakumbuka ulivyogombana na yule mshirika wako aliyetaka kuteremsha marobota ya blanketi nzito kuja kuyauza Beni. Ulimwambia, "Kila muji na blanketi yake. Ya Butembo ukiipeleka Beni, utajifunika mwenyewe." Hukumwacha apakie hata robota moja. Uliijua miji hii miwili kwa ngozi yako.

Na nikakumbuka siku yako ya mwisho, Baba. Shangazi alikuwa anakufunika, blanketi juu ya blanketi, kwa sababu homa yako ilianza na baridi na yeye alishikilia ile baridi ya kwanza. Wewe ulikuwa umeshaloa jasho. Ulinitazama mimi, si yeye, ukasema, "Ondoa." Nikaziondoa zote, shangazi akipiga kelele. Ulivuta pumzi ndefu, uso wako ukalegea. Sikuona kwamba navunja neno la mtu. Niliona baba yangu ana joto.

Basi, ngoja niende. Nitaendelea kuandika nikirudi.

Nimerudi. Nilichomoa umeme kwanza, kama ulivyonifundisha. Verni ilikuwa ngumu, nikaikwangua kwa ncha ya mkasi, ikatoka maganda madogo mekundu. Nimeyafunga ndani ya kitambaa, sikuweza kuyatupa. Kifungo kilikataa kidogo, kisha kikazunguka. Leo ni ishirini na sita, kesho nitashusha hadi ishirini na tano. Shangazi alisimama nyuma yangu muda wote. Nilipomaliza aliniuliza kama feni ile haitampa Padiri mafua. Nadhani huo ndio msamaha wake.

Sijui kama tumbawe la kijani litarudisha rangi. Linaweza kuchukua miezi, na linaweza kufa. Likifa nitakuambia, sitakuficha. Lakini Padiri ameshuka kutoka juu ya maji, yuko chini na Sista, wanafukuzana kama zamani. Nakuahidi kila asubuhi nitazamisha mkono wangu humo mpaka kwenye kiwiko, kabla ya chai, na nitasikiliza maji ya hapa yanasema nini. Mtoto wangu atakayekuja nitamfundisha hivyohivyo, na akihamia mji mwingine nitamwambia aanze kwa kuuliza kuna baridi kiasi gani.

Lala, Baba. Kaburi lako liko Butembo na huko ukungu haujaisha, kwa hiyo jifunike vizuri. Hawa wa Beni nimewafunua.

Mtoto wako,
Masika