Malkia Aliyerudi Utotoni

Biryogo, Kigali
Tarehe 14 Novemba 1992

Mpendwa mdogo wangu Saidati,

Salaam nyingi, zishinde hiyo baridi yenu ya Bruseli. Hujambo? Shemeji hajambo? Na lile goti lako ulilosema linalia kama mlango, limenyamaza? Mimi niko, alhamdulillahi. Meno yamebaki saba lakini yote iko kwenye kazi. Mke wangu Aidah anasema sukari imempanda, mimi nasema ni maneno ndiyo yamempanda. Hali ya nchi unaisikia kwa radio, sisi tunasali tu.

Anayeandika ni Gaju, mwanangu wa mwisho, maana mimi na kalamu ya wazungu hatujawahi kusalimiana. Nasema, yeye anaandika. Gaju, usicheke, andika.

Deki ya video na kaseti zako sita zilifika salama. Yewe Saidati, umenifanya mkubwa wa mtaa! Cherehani nimeitoa nje, na kila siku baada ya alasiri watu arobaini wanajaa sebuleni. Kifaransa nawaeleza mimi. Nimewapima Wabelgiji suruali miaka kumi na moja, kiliniingia kwa mikono.

Maoni yetu ndiyo haya. Malkia wa hizo kaseti tunampenda wote, isipokuwa Épiphanie, jirani anayeuza mboga, anasema ana majivuno na hajamwona akishika hata kijiko. Aidah iko upande wa yule mchawi anayegeuka moshi na kupita chini ya mlango. Tumemwita Bibi Moshi. Aidah anasema ndiye mwanamke peke yake anayefanya kazi katika ile nyumba. Mimi wangu ni askari mzee wa jicho moja. Ananifanana, ila mimi nilikuwa mzuri zaidi. Yule nyoka wa mabawa hapana, bwana. Watu walipiga kelele wakajificha, mimi nikaona mshono wake shingoni. Umeshonwa vibaya.

Lakini hizo kaseti karibu zimnyime Gaju mume.

Usumani, kijana wa pale Kanombe anayepakua mizigo ya ndege, alikuwa ameleta posa. Nilikuwa bado sijajibu, nataka kumwangalia kwanza. Akaja kukaa na sisi, kimya, na adabu zake. Kaseti ya kwanza ikaonyesha malkia mzee, mvi kichwa kizima, mumewe iko kaburini. Kaseti ya pili, mume mzima, anakula nyama! Watu wakanigeukia: "Muzehe, imekuwaje?" Nikasema, Bibi Moshi amemfufua. Ndipo Usumani akaniinamia sikioni: "Muzehe, naona kama tumeanzia mwisho."

Alisema taratibu, lakini Épiphanie ana masikio ya sungura. Akacheka mpaka kitenge kikamfunguka. Saidati, unanijua. Nikamwambia kijana, mbele ya watu: "Wewe kazi yako kubeba masanduku, mambo ya wafalme yaache kwangu. Na ile posa yako ibebe pia." Akasimama, akasema "samahani muzehe", akaenda.

Tukaendelea. Kaseti ya tatu, mvi za malkia zimekwisha. Nikasema ni dawa ya Bibi Moshi, inakula miaka. Ya nne, anaolewa na mume yule yule. Ya tano, msichana anachunga mbuzi. Ya sita, disi, maskini, malkia iko kitoto kichanga, kinalia! Épiphanie, yeye aliyekuwa hampendi, alilia machozi ya kweli. Biryogo nzima ililala na huzuni.

Na humu ndani Gaju hali, haongei, ananiwekea chai bila kuniangalia. Wiki tatu. Andika hivyo hivyo, Gaju, ni kweli.

Basi ikaja barua yako, ikiuliza: je, ile kaseti ya kwanza, malkia anapozaliwa, mliipenda? Gaju akaisoma. Nikamwambia rudia. Akairudia kwa sauti ya muadhini, mpaka Aidah akatoka jikoni.

Kosa ni lako, umezipanga kwenye sanduku kizungu, kutoka kushoto. Mimi nilisoma kwa maalimu, na kwa maalimu kitu kinaanza upande wa kulia. Nikaanza huko kulia! Namba ningezijua, mimi fundi, lakini wewe umeandika maneno.

Nikatuma mtu Kanombe. Usumani akaja na shati safi, hajui anaitiwa nini. Nikamketisha kwenye kiti changu mbele ya watu wote, nikasema kosa la kumfukuza lilikuwa langu, leo kaseti tunazianza upya na yeye ndiye ataeleza. Akaeleza sawa sawa, neno kwa neno, kama hakimu anasoma kesi. Watu wakaanza kupiga miayo. Épiphanie akapaza sauti: "We kijana, unatudanganya! Malkia hawezi kuzeeka, muzehe alisema dawa inakula miaka!"

Hapo, Saidati, yule kijana alikuwa amenishika shingoni. Neno lake moja tu, ningekuwa kichekesho mpaka Nyamirambo juu. Gaju iko mlangoni, ameshika sinia. Usumani akainuka, akasema: "Kifaransa changu ni cha shule tu. Muzehe aliishi nao. Muzehe, tueleze wewe." Akakaa chini kwenye mkeka.

Nikaeleza. Nikaeleza vizuri kuliko mara ya kwanza, hata nyoka nikampa mke. Lakini macho yangu yalikuwa kwa yule kijana, anasikia uongo wangu wote na anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Mtu aliye na haki yake mkononi na akakuachia wewe heshima, huyo utamnyima mtoto kwa nini? Baada ya magharibi nilimwita baba yake, nikakubali posa. Gaju ameacha kuandika, analia. Haya, futa uso, maliza.

Nikaha ni mwezi wa kwanza, Ijumaa ya pili. Shangazi ni wewe mmoja tu, atakayemtoa bibi harusi chumbani ni wewe, goti libebwe hata na Usumani, ndiyo kazi yake.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Aidah anakusalimu, na Épiphanie pia, anauliza kama malkia anapona. Mungu akulinde huko kwenye theluji, akufikishe kwetu mzima.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,

Hamduni