Kurasa Nne za Kitabu cha Rambirambi

Mwaka mzima umepita, Shangazi, tangu tulipozima redio sebuleni na kumwambia Bibi kwamba hutarudi kutoka hospitali. Uliugua siku tisa tu. Kiti chako kifupi bado kipo karibu na mlango wa jikoni, na mgeni akitaka kukikalia kuna mtu atakayemsogezea kingine bila kueleza kwa nini.

Familia imenikabidhi mimi, mtoto wa kaka yako, kuandika kumbukumbu hii, kwa sababu ndimi niliyekuwa nikikuandikia mahojiano.

Kazi yako wengi hawakuielewa. Majirani walidhani wewe ni askari kanzu. Askari walidhani wewe ni mwandishi wa habari. Bibi aliwaambia watu kuwa binti yake anafundisha, akaishia hapo. Ulikuwa mtafiti wa sayansi ya jamii. Miaka saba ulikwenda kwenye yadi ya malori kuuliza jambo moja: kwa nini makundi mawili ya vibarua wa kupakia mizigo, watu waliokuwa wakila sahani moja, yaligeukiana mpaka damu ikamwagika, na ni mtandao gani uliokaa nyuma yao ukiamua lori lipi likaguliwe na lipi lipite. Hukuwa unatafuta mtu wa kumfunga. Ulitaka kujua ugomvi wa namna ile unavyoandaliwa, ili safari nyingine mtu auone unakuja.

Tunakumbuka ulivyojiandaa. Simu uliizima ukaiacha nyumbani, ndani ya kopo la unga. Penseli uliichonga kwa kisu cha jikoni, Mama akinuna. Ulivaa sweta lile la kijivu lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti. Ulisema hakuna anayemkumbuka mtu aliyevaa kijivu. Ukifika ulitafuta pa kukaa palipo chini kuliko pa mwenyeji wako. Na jina la mtu hukuliandika hata siku moja. Kila mmoja ulimwita kwa kitu alichokuwa amekishika mlipokutana mara ya kwanza: fundi viatu akawa Sindano, mlinzi akawa Tochi, mama wa chai akawa Birika. Hata haya majina, na kazi zao, nimeyabadilisha hapa. Usiwe na wasiwasi, somo lilinikaa.

Nyuma ya kalenda zilizopita ulichora maduara na mistari: nani anamjua nani, nani anamwogopa nani. Siku moja nilikuuliza kwa nini duara la katikati halina jina lolote, ilhali mistari yote inapita hapo. Ulicheka mpaka ukavua miwani.

"Hilo ni mimi," ukasema. "Mtu akinifuata mimi, amewapata wote."

Ripoti ilipokwisha, kalenda zote ulizichoma nyuma ya nyumba. Sauti za mahojiano ulizorekodi kwa kinasa chako, ambazo nilikuwa nimeshaziandika, ulizifuta wewe mwenyewe, kisha ukanitaka nisikilize ule ukimya uliobaki, nihakikishe.

Ulikuwa na kanuni moja: usiulize nani, uliza ilikuwaje, huyo nani atakuja mwenyewe. Mama, wifi yako, mpaka leo anakusimulia kwa kanuni hiyo. Anasema akiuliza nani kamaliza sukari, wewe ulikuwa ukimjibu kwa upole, "Wifi, uliza ilikuwaje," huku kijiko kiko mkononi. Anasema pia hukuwahi kuonja mchuzi wake bila kuuhoji kwanza.

Na tulizozana, wewe na mimi, kuhusu lugha. Rasimu yako ya kwanza ilijaa maneno yaliyovaa tai. Nikakuambia kama Birika hawezi kusomewa akaelewa, basi tumemchukulia maneno yake na hatujamrudishia. Ulipiga mstari ukurasa mzima, ukasema, haya, Mkali wa Diploma, andika wewe. Tuliandika upya sura tatu kwenye meza ya kulia chakula. Sijawahi kufurahi hivyo kazini, na sikukuambia. Nilidhani muda upo.

Lakini si hilo linalonilemea.

Siku ya mazishi walikuja. Watu uliowaficha miaka saba walikuja kwa miguu, nguo zimepigwa pasi, wakasimama nyuma kabisa. Mlangoni palikuwa na meza, na juu ya meza palikuwa na kitabu cha rambirambi. Kitabu kile nilikipiga mistari mimi, kwa rula, safu nne: jina kamili, namba ya simu, kazi, ulimfahamu vipi marehemu. Nilitaka kiwe nadhifu kama ulivyokuwa wewe. Miaka yote ile nimekaa pembeni yako, nimekuona ukificha herufi ya kwanza ya jina la mtu, kisha siku ya kukuzika nikaweka kalamu mlangoni na kuwaomba wajiandike. Nao, kwa adabu zao, wakajaza kila safu. Waliandika majina yao matatu. Waliandika kweli tupu.

Kurasa zilizojaa siku ile zilikuwa nne. Jioni ile Baba mdogo, mdogo wako wa mwisho, alipiga picha ukurasa wa kwanza akautuma kwenye kundi la ukoo, na chini yake akaandika: tazameni dada alivyopendwa. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na sote tulikoleza kwa alama za mioyo, mimi nikiwa wa kwanza. Kundi lile lina watu mia mbili na kumi na mbili.

Katika ukurasa ule, kati ya majirani na binamu, mtu wako alikuwa mmoja tu. Sindano. Katika safu ya nne alikuwa ameandika: *Alinihoji mara tatu. Alinisikiliza kama ndugu.*

Siku ya sita wanaume wawili walimfuata kwenye kona yake wakamsomea mstari huo, neno kwa neno. Hawakumgusa. Walikanyaga sanduku lake la vifaa mpaka likawa vijiti, kisha wakamuuliza kesho anategemea kuamkia wapi. Alikuwa amekaa kona ile miaka kumi na tisa. Kesho yake palikuwa patupu.

Aliyetuletea habari ni Birika. Alivua viatu mlangoni, akakataa kiti, akakaa kwenye ngazi. Nilijaribu kumpa maji akayaweka chini. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu," akasema, "shangazi yako katembea na sisi miaka saba, hajatuandika hata herufi. Nyie mmetuandika siku moja."

Sentensi hiyo nimekaa nayo mwaka mzima, Shangazi. Nimeigeuza kila upande nikitafuta pa kujitetea, sijapaona.

Alipoondoka nilikichukua kitabu. Nilichana kurasa zote nne, nikazitia kwenye beseni la maji ya sabuni, nikazifikicha kama nafua soksi, mpaka wino ukatoka na karatasi zikawa uji. Picha Baba mdogo aliifuta siku hiyohiyo, ila ilikuwa imeshatembea. Kurasa tatu nyingine zilikuwa hazijaonwa na mtu, na humo walikuwamo Tochi, na Birika, na wengine kumi na mmoja.

Wiki iliyofuata alikuja bwana mmoja mpole sana, akajitambulisha kuwa mlisoma pamoja. Aliomba akitazame kitabu, akitazame tu, ajue kama rafiki zenu wa zamani walifika. Nikampa. Alikifungua, akapitisha kidole kwenye mshono palipochanwa, akakifunga. Akasimama akaaga. Chai aliyomiminiwa aliiacha inatoa moshi.

Ndugu zako hawakuliona hilo. Waliloliona ni kitabu cha msiba kilichochanwa. Baba mdogo aliita kikao, akauliza mbele ya watu nani kakichana. Nikamjibu, "Baba mdogo, uliza ilikuwaje." Akanyanyuka akatoka, na mlango ukafuata nyuma yake. Nilipomweleza baadaye alisema angalau ningewashirikisha wakubwa. Nikamwambia wakubwa wamo kwenye kundi la watu mia mbili na kumi na mbili. Hapo tukaachana vibaya.

Anayeumia zaidi ni Bibi. Hajui kusoma, lakini anapenda kukilaza kitabu mapajani, na kila Jumapili asomewe majina ya waliomzika binti yake. Sasa yaliyobaki ni ya siku ya pili tu, watu wachache waliochelewa. Jumapili ya kwanza nilipomaliza kumsomea, alipapasa ukurasa akasema, "Mbona walikuwa wengi?"

Siku hizi namsomea hivyo hivyo, na nikifika mwisho wa yaliyoandikwa naendelea kwa kichwa. Namwambia Birika alikuja. Tochi alikuja, alivaa shati jeupe. Sindano alikuja, alisimama peke yake. Bibi hurudia kila jina polepole, na sasa akinisikia nimeruka moja, ananirudisha.

Sindano yu hai. Zaidi ya hapo sisemi.

Baba mdogo amenitumia ujumbe kwamba asitajwe katika kumbukumbu hii mpaka niombe radhi mbele ya ukoo. Basi naomba, na ukoo usome. Nakuomba radhi wewe, Shangazi, kwa zile safu nne na ile rula. Namwomba radhi Sindano kwa kona yake. Ningekuwa na uwezo ningempelekea hata ule ukuta aliokuwa akiuegemea. Namwomba radhi Bibi kwa Jumapili zake. Namwomba radhi Baba mdogo kwa jibu nililompa kikaoni, maana ni mkubwa wangu, na alikulilia kuliko sote.

Unakumbukwa na mama yako, anayekutafuta kwa sikio kila mlango ukilia. Na kaka yako, anayevaa sweta lako la kijivu na kudai ni lake. Na wifi yako, asiyeuliza tena nani kamaliza sukari. Na mdogo wako, niliyemweka hapa bila ruhusa yake. Na mimi, Mkali wako wa Diploma. Wapo na wengine wanaokukumbuka, ambao hawamo katika orodha hii wala hawatakuwamo katika orodha yoyote. Hutatutoka moyoni, tukiwa tumeandikwa au hatujaandikwa.

Ama kuhusu zile kurasa nne, siombi radhi.