Sentimita Nne za Chini

Jumamosi, 4 Mei

Nimekwenda. Nilisema siendi, nimekwenda.

Jumba la sanaa limetafuta watu wa kujitolea, kila Jumamosi saa tatu mpaka saa saba, waandike habari za picha zake kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni. Tulifika saba. Wawili wamekimbia kabla ya chai. Jumba lina picha 412, na zinazotajwa huko mtandaoni, hata kwa mstari mmoja, ni 19. Nikapiga hesabu palepale: watu watano, picha mbili kila mmoja kwa Jumamosi — wiki arobaini. Msimamizi wa mkusanyiko, mama wa miwani ya kamba shingoni, akashangaa. Kichwa chako ni kalkuleta? Nikamwambia nimekata fremu za picha miaka arobaini na moja. Ukikosea hesabu, mbao hairudi.

Sikumwambia kwamba fremu 31 kwenye kuta zake nimezitengeneza mimi. Sikwenda kwa ajili ya hizo. Nilikwenda kwa ajili ya moja.

Ipo. Ukumbi wa pili, karibu na mlango wa stoo, pale mtu anapotazama kwa sababu anasubiri choo kiwe wazi. Mwanamke anaanua nguo, wingu zito linakuja, shuka jekundu limemzidi nguvu. Kibandiko: “Msanii hajulikani.”

Hajulikani! Dada yangu. Tumbo moja, chumba kimoja, kitanda kimoja.

Kona ya juu, kulia, ndani ya wingu lenyewe, kuna kipande cha maranda kimegandia kwenye rangi. Kidogo kama ukucha wa mtoto. Ni cha mbao yangu. Yeye alikuwa anachora dirishani, mimi nyuma yake napiga randa, maranda yanaruka. “We mtoto, unaninyeshea!” Nimesimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Jumapili, 5 Mei

Binti yangu anasema, si uwaambie tu, Mama? Kana kwamba sijawaambia. Barua mbili, miaka sita kati ya moja na nyingine. Majibu: sifuri. Mimi ni fundi, nani asome barua ya fundi?

Akauliza kama mama yake mkubwa alikuwa mkali. Hakuwahi kumwona. Nikamwambia alikuwa mkali wa rangi tu. Mafuta ya taa yalipokwisha jikoni hakusema neno, lakini tapentaini yake ya kuoshea brashi ikimwagika kidogo, nyumba haikaliki! Alifundisha darasa la tatu asubuhi, mchana anachora. Mimi nilifagia karakana ya seremala. Seremala hakunifundisha kitu, nilimwangalia mikono. Fremu yangu ya kwanza ilikuwa ya picha ya dada. Ilipinda. Aliitundika hivyohivyo, akainamisha kichwa, akasema sasa imenyooka.

Nimecheka peke yangu jikoni, saa tano asubuhi, kama kichaa.

Jumamosi, 11 Mei

Leo nimechafua hewa.

Anayetufundisha kuhariri ni mfamasia, mtu mpole, ila swali lake ni moja. Ukiandika msanii amezaliwa mwaka fulani: chanzo kiko wapi? Picha ni ya rangi ya mafuta: chanzo kiko wapi? Tumeshampa jina, Bwana Chanzo. Naye analipenda.

Nilijifunza haraka. Kabla ya saa nne nilishajaza picha mbili zangu. Nikafungua ya tatu — ile. Nikafuta “hajulikani.” Nikaandika jina la dada lote, la kwake na la baba. Sijawahi kuliona kwenye kioo cha kompyuta. Lilikaa pale dakika nne, kisha likatoweka.

“Mama, samahani, nimelitoa mimi. Chanzo kiko wapi?”

“Chanzo ni mimi.”

“Wewe si kitabu, mama yangu.”

“Vitabu vingapi vimemfulia dada yangu brashi?”

Mkutubi mstaafu, anayekaa kushoto kwangu, akacheka mpaka chai ikampalia. Bwana Chanzo hakucheka. Akavuta kiti, akaeleza taratibu: kumbukumbu ya mtu haitoshi, lazima iwe imeandikwa mahali watu wengine wanaweza kwenda kuihakiki. Jumba likibadilisha rekodi yake, yeye mwenyewe ataliandika jina, siku hiyohiyo. Na mimi nisiguse ukurasa huo, kwa sababu ni ndugu.

Yaani anayemjua ndiye hana ruhusa!

Ndipo nikaona vipimo kwenye rekodi yao. Kimo 56, upana 80. Damu ikanipanda. Dada alitandaza kanvasi, kitambaa chake cha kuchorea, kwenye viunzi vya mbao nilivyompigia mimi, na vyote vilikuwa kimo 60, upana 80. Vyote. Sikuwa na mbao za mchezo. Nikasimama, nikasema kwa sauti — mlinzi alichungulia — hata kupima hamjui, mtajuaje nani alichora? Msimamizi akawa mwekundu wa macho. Akasema njoo Jumanne tupime pamoja.

Nitakwenda na futi yangu.

Jumanne, 14 Mei

Jumba likifungwa kwa umma lina harufu ya nta ya sakafu, kama shule wakati wa likizo. Msimamizi alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Akaishusha picha, akailaza mezani kwenye blanketi. Hawajawahi kuifungua. Fremu wanaiita ya asili, nayo ina thamani yake, na nyuma imezibwa na karatasi ya kaki. Walipima kinachoonekana, kisha wakaongeza kinachofichwa na fremu.

Nikapima. Kinachoonekana: 55 kwa 79. Mdomo wa fremu hula nusu sentimita kila upande — ndivyo nilivyokata maisha yangu yote. Kwa hiyo 56 kwa 80.

Nikapima tena. Na tena, kutoka upande wa pili.

56.

Msimamizi akasubiri. Nimekunja futi, nimesema asante, nimetoka. Njiani nimepita duka langu la zamani, sasa wanauza simu. Sikulitazama.

Jumatano, 15 Mei

Daftari za vipimo ninazo zote, sanduku la chini. Ya kwanza haina jalada. Ukurasa wa kumi na saba, penseli, mwandiko wangu:

“Dada. Kanvasi 60 × 80. Mbao imekatwa 56. Punguza 4 chini.”

Basi. Mstari mmoja.

Nilisahau? Au niliiweka mahali nisipopita?

Yeye alikuwa hospitali, wodi ya mwisho, kitanda cha dirishani. Walimu walikuwa na maonyesho kesho yake. Aliniambia ipeleke ile ya shuka jekundu, uivalishe vizuri. Nilikuwa na ubao mmoja tu mzuri wa fremu. Nikapima nikiwa nalia, nikakata 56. Mbao hairudi. Nikachukua msumeno, nikapunguza kiunzi badala ya kuungama. Chini ilikuwa nyasi tu, nikajiambia. Nyasi tu!

Sahihi yake ilikaa chini kushoto siku zote. Vidole viwili kutoka ukingoni.

Jina lake walilibandika kwenye karatasi ukumbini, karatasi ikabaki ukumbini. Picha ikanunuliwa na mwenye hoteli, akafa, wanawe wakaitoa kwa jumba. Dada hakuiona ikiwa ndani ya fremu. Aliniuliza, imependeza? Nikasema sana.

Miaka yote hii nimewalaumu watu kwa barua mbili na ulimi mmoja.

Na lililo baya zaidi silijui. Daftari inasema punguza. Haisemi kitambaa kilichozidi nilikikunja au nilikikata. Mimi ninajulikana kwa migongo safi: kitambaa kikizidi napitisha wembe, kinakwenda na takataka. Wateja walinisifu kwa hilo. Siku ile nilipitisha wembe?

Ijumaa, 17 Mei

Sili vizuri. Binti ameuliza mara tatu. Nimesema meno.

Jumamosi, 18 Mei

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Niandike hivyo, maana hapa simdanganyi mtu.

Nimeingia, Msimamizi amesimama mbele ya wote, karatasi mkononi. Anasema jumba limetafakari. Fundi aliyetengeneza kiunzi yuko hai, tena yuko hapa, na yeye anasema 60. Kwa kuwa hawajawahi kuifungua picha, wataandika 60 kwa 80, kwa kauli yangu. Na wataangalia uwezekano wa kuongeza “inadhaniwa kuwa ya” na jina la dada. Akanitazama kama mtu anayelipa fidia.

Inadhaniwa! Nusu mkate, lakini ningeweza kuuchukua. Bwana Chanzo alishafungua ukurasa.

Nikasema: “Acheni 56.”

“Lakini mama, ulisema—”

“Nilisema. Sasa nasema 56. Nne zilizobaki nilizitoa mimi.”

Nikaweka daftari mezani. Mkutubi akaisoma kwa sauti, maskini, kwa mazoea ya kazi. Nilisikia feni. Nilingoja mtu anitukane, ingekuwa rahisi. Msimamizi akavua miwani tu, akaifuta, akaivaa.

Bwana Chanzo ndiye aliyesema, polepole, “Kwa hiyo jina linaweza kuwa ndani.”

“Ndani au jalalani.”

“Na sahihi, Mama Fremu...” — leo ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo — “sahihi ni chanzo.”

Mkutubi akanimiminia chai. Sukari vijiko vitatu, sikumwomba. Akaninong'oneza kwamba yeye amewahi kupoteza rejista ya mwaka mzima na akasema ni mchwa.

Jumatatu, 20 Mei

Wamepiga simu. Fundi wa kukarabati picha ataifungua Alhamisi, saa nne. Ikiwa sahihi ipo, jumba litaipiga picha na kubadilisha rekodi. Ikiwa haipo, wataandika hivyo pia: ukingo wa chini ulikatwa na mtengeneza fremu. Nilimwuliza Msimamizi, mtataja jina langu? Akasema utaamua mwenyewe.

Nimemwambia binti yote. Akauliza mama mkubwa angesemaje. Nimefikiri sana. Angeinamisha kichwa, angesema sasa imenyooka. Au angenirushia brashi.

Alhamisi, 23 Mei

Naandika nimekaa kwenye stuli, karakana ya jumba. Dirisha kubwa, taa nyeupe, harufu ya tapentaini. Harufu ileile! Nimeingia nikajikuta nageuka kumtafuta.

Picha imelala kifudifudi. Fundi ni mwanamke wa makamo, mkono mwepesi, kazi yake naikubali. Karatasi ya kaki alishaichana pembeni, kuna kadibodi chini yake. Misumari kumi na miwili inaishikilia. Nilimwambia idadi kabla hajahesabu. Ametoa kumi na mmoja. Wa mwisho, wa katikati chini, umekatika kichwa, amekwenda chumba cha pili kuchukua koleo ndogo. Msimamizi yuko naye. Bwana Chanzo yuko mlangoni na kamera, ananipa mgongo. Nadhani kwa makusudi.

Kadibodi imelegea. Nikiinua kidogo tu nitaona. Sijainua.

Ila nimepapasa. Kidole gumba, chini kabisa, kushoto, mbali na kona, maana konani kitambaa hujikunja siku zote. Kidole hiki kimepima unene miaka arobaini na moja.

Si unene wa kitambaa kimoja, ni kama kimekunjwa. Au ni gundi — enzi hizo nilimwaga gundi kama mchuzi.

Hatua zinarudi. Fundi ananinyooshea koleo. Anasema, “Mama, uliipigilia wewe. Wa mwisho toa wewe.”

Dada, subiri niweke kalamu